Mkirudi mezani kuiahidi Sudan Kusini, anzeni na watu: barua ya wazi ya mkunga

Kwenu mawaziri wa mambo ya nje wa nchi za IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake) na za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwenu mabalozi wa nchi wahisani mlioko Juba, Nairobi na Addis Ababa,

Nawasalimu kutoka Kitale. Mimi ni mkunga, sasa nimestaafu. Katika miaka thelathini na miwili ya kazi, miwili niliifanya ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ndogo ya kaunti moja ya Equatoria Mashariki, kuanzia Septemba 2011. Nchi ilikuwa na miezi miwili tangu ipate uhuru. Nilikwenda nikiwa mmoja wa watumishi wa umma wapatao 200 waliotumwa na Kenya, Uganda na Ethiopia chini ya mpango wa IGAD. Serikali zetu ziliendelea kutulipa mishahara ya nyumbani, Norway ikagharimia posho, UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ikasimamia, na kila mmoja wetu akapangiwa mwenyeji wa kufanya naye kazi. Kwenye makaratasi mwenyeji huyo alikuwa na jina refu la kiofisi. Sisi tulimwita pacha.

Nawaandikia kwa ajili ya pacha wangu. Sitamtaja jina, maana ana watoto na bado yuko kazini kule.

Uchaguzi wa Sudan Kusini, ulioahirishwa mara kadhaa, umepangwa kufanyika Desemba 2026. Ukifanyika au usipofanyika, iko siku mtaitana tena hotelini, bendera zitapangwa, na kila ujumbe utasoma kiasi ulichokuja nacho. Kabla hamjafika hapo naomba mnisikilize. Ombi langu ni kwamba ahadi ya kwanza kuwekwa mezani iwe ya watu. Watu wa kwenda kukaa, kwa miaka mitano na wala si miwili, kila mmoja na pacha wake, na huyo pacha awe na mshahara unaomfikia kila mwezi. Barabara, magari na majengo vifuate nyuma yao.

Sisi wa upande huu tumeijua vita ile ya kusini na kaskazini mwa Sudan tangu zamani. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, ndege za chakula za Operation Lifeline Sudan zilikuwa zimeanza kuruka kutoka Lokichoggio, na hospitali ya Msalaba Mwekundu pale Lopiding ilijaa majeruhi wa upande wa pili, wengine wakifundishwa kutembea kwa miguu ya bandia. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wavulana waliofika kwa miguu bila wazazi. Mkataba wa amani ulizungumzwa Naivasha, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa mpatanishi, ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Siku hiyo nilikuwa zamu. Tuliweka redio kwenye dirisha la wodi ya wazazi, na mama mmoja kutoka Kapoeta, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa amelala kitanda cha mwisho alijifunika shuka usoni akalia mpaka tukadhani ameshikwa na uchungu.

Miezi mitatu baadaye wahisani walikutana Oslo, wakaahidi zaidi ya dola bilioni 4.5. Kwa upande wa kusini uliundwa mfuko wa pamoja chini ya usimamizi wa Benki ya Dunia, na mfuko huo ukajulikana zaidi kwa jinsi fedha zake zilivyochelewa kutoka. Taratibu za zabuni zilizoandikwa kwa ajili ya serikali zenye makarani, wahasibu na makabati ya mafaili zilitakiwa kufuatwa na wizara zilizokuwa zimefunguliwa juzi, nyingine ndani ya makontena. Hakukuwa na mtu wa kujaza zile fomu. Nadhani hapo ndipo somo lote lilipokuwa, na ilichukua miaka sita hadi mtu mmoja mezani akasema: basi tuwatume watu wanaojua kujaza fomu wakae nao.

Nilifika na masanduku mawili na redio. Uchunguzi wa kaya wa mwaka 2006 ulikuwa umeonyesha kwamba akina mama 2,054 walikuwa wakifa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Nilikuwa nimeikariri namba hiyo kabla ya safari. Wakunga waliosajiliwa katika nchi nzima walihesabika kwa vidole vya mikono. Pacha wangu hakuwa mmoja wao. Alikuwa muuguzi msaidizi wa miaka ishirini na sita, aliyesoma shule ya msingi na sekondari Kakuma, na kwa hiyo Kiswahili alikijua, tena kile cha Turkana chenye haraka. Kiingereza alikisoma polepole. Katiba ya mpito ya 2011 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, ilhali mganga msimamizi wetu alisomea Khartoum kwa Kiarabu na daftari la wodi lilikuwa nusu kwa nusu. Basi mambo ya kazi tuliyazungumza kwa Kiswahili, akayatafsiri kwa Kiarabu cha Juba kwa wenzake, na kwa lugha ya kwao kwa akina mama. Nimeona nyaraka nyingi za mradi ule. Hakuna hata moja iliyotaja kwamba lugha ya kambi ya wakimbizi ndiyo iliyofanya kazi iende.

Usiku wa tatu aliletwa mama juu ya kitanda cha kamba. Wanaume wanne walikuwa wamembeba tangu saa tisa mchana, na uchungu ulikuwa siku ya pili. Pacha wangu alisimama mlangoni na taa, akaniuliza, "Dada, tuanze wapi?" Tulianza na karatasi. Niligeuza ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, nikachora kwa rula upande mweupe patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama: mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake, mstari wa hatua. Nikamwonyesha. Mlango wa uzazi ukifunguka sentimita moja kwa saa, alama zako zinapanda pamoja na mstari wa kwanza. Zikianza kukimbilia kulia, ujue mtoto hashuki, tafuta gari. Zikigusa wa pili, umechelewa, gari liwe limeshaondoka.

Zilikuwa zimekimbilia kulia.

Gari la wagonjwa lilikuwapo, jipya, lina nembo ya waliolitoa kwenye milango yote miwili. Dizeli haikuwapo. Mradi uliotoa gari haukuwa na fungu la mafuta, na fungu la mafuta la kaunti lilikuwa halijafika tangu Juni. Pacha wangu alikimbia sokoni usiku ule akamwamsha mfanyabiashara wa Lodwar aliyekuwa amelala ndani ya lori lake. Mama alifika hospitali kubwa alfajiri akiwa juu ya magunia matupu ya mahindi, akapasuliwa, akapona. Mtoto pia. Yule mfanyabiashara hakutaka hata bei ya mafuta.

Baada ya hapo tulichora karatasi kila jioni. Alikosea sana mwanzoni. Alikuwa anajaza alama zote asubuhi, baada ya mtoto kuzaliwa, ili karatasi ionekane nzuri, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kwamba karatasi ni kitu cha kuonyeshwa mkaguzi. Hilo halibadiliki kwa kuelezwa. Linabadilika kwa kukaa na mtu saa nane za usiku, mkasubiri pamoja, mkapima, mkaandika, mkasubiri tena. Mwezi wa tano, nikiwa nimesinzia kwenye benchi, alinigusa bega akasema, "Dada, amka, mstari umevukwa." Safari hii dizeli ilikuwapo, lita ishirini ndani ya jerikani chini ya kitanda changu, kwa sababu yeye ndiye aliyeshauri kila familia yenye uwezo ichange kidogo, na yeye ndiye aliyeweka daftari la hesabu.

Waheshimiwa, nikiulizwa Norway ilinunua nini kwa fedha zake, nitaonyesha usiku huo.

Sasa niseme na yaliyoshindikana, maana mimi si msemaji wa mradi. Miaka miwili ilikuwa michache mno. Mwaka wa kwanza uliishia katika kutafuta mahali pa kulala na kuaminiana. Baadhi ya wenzangu waliwekwa katika ofisi ambazo hazikuwa na pacha wa kukaa naye, kwa sababu nafasi haikuwa imejazwa, basi wakaifanya kazi yote peke yao, na walipoondoka ofisi ikabaki kama walivyoikuta. Wapo waliopokelewa kama wapelelezi. Wapo wenyeji waliosema Wakenya na Waganda wamekuja kuchukua kazi zao, na mtu akiangalia jinsi biashara za Juba zilivyokuwa mikononi mwa wageni miaka ile, ataelewa manung'uniko hayo yalitoka wapi. Sikuwahi kumjibu mtu kwa ukali juu ya hilo. Nilimwambia pacha wangu awaeleze kwamba nina tarehe ya kurudi kwetu.

Jambo lililoniumiza kuliko yote ni mshahara. Januari 2012 serikali ya Juba ilifunga visima vya mafuta kwa sababu ya ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba, na mafuta ndiyo yalikuwa karibu mapato yote ya serikali. Hospitalini kwetu mishahara ilianza kuchelewa mwezi, kisha miwili, kisha mitatu. Mimi wangu uliingia benki Kitale kila mwisho wa mwezi. Tulisimama kitanda kimoja, tukashika mtoto mmoja, mimi nimelipwa na nchi yangu na kuongezewa posho na nchi ya Ulaya, yeye ameshindia uji. Hakuwahi kulisema. Siku moja aliniomba nimuazime sabuni ya kufulia, nikaelewa.

Na katikati ya njaa hiyo aliitwa semina. Nilizihesabu: kumi na moja katika miezi ishirini na minne, kila moja ya siku tatu au tano, kwenye hoteli za Juba au Torit. Nyingine zilirudia mada ile ile kwa sababu mashirika mawili yalikuwa na fedha za mada ile ile. Alikwenda zote, na sikumlaumu, kwa kuwa posho ya siku tatu ilipita mshahara wa mwezi ambao hata hivyo haukuja. Kila alipokwenda, wodi ilibaki na mimi na mfagizi. Mara moja alirudi na begi lenye nembo, kalamu, na kitabu cha kurasa mia mbili kuhusu usimamizi wa damu baada ya kujifungua. Sindano ya oksitosini inayozuia damu hiyo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Jokofu letu la sola lilikuwa limekufa tangu kabla sijafika. Betri. Waliolileta walikuwa wamemaliza mradi, na namba ya simu iliyobandikwa ubavuni haikupokelewa. Kijana wa pikipiki aliyejifunza umeme Lokichoggio alilifufua kwa muda kwa betri ya lori. Kijana huyo hakuwa kwenye mradi wa mtu yeyote.

Najua jibu mnalolitoa mkifika hapa, na ni jibu la haki. Mnasema fedha zililiwa. Ndiyo, zililiwa. Mwaka 2012 Rais Salva Kiir mwenyewe aliwaandikia barua maofisa zaidi ya sabini, waliokuwa madarakani na waliotoka, akiwaomba warudishe takriban dola bilioni nne zisizojulikana ziliko. Mwananchi wa kule hahitaji kuambiwa na balozi kwamba aliibiwa, yeye ndiye aliyeibiwa. Ila naomba muangalie ni msaada gani ulioibika kwa urahisi. Mkunga aliyekaa wodini haibiki. Mshahara unaolipwa mkononi mwa mtu anayejulikana kwa jina, katika kituo kinachojulikana, ni mgumu kuliwa na mkubwa. Umoja wa Ulaya ulilifanya hilo. Kuanzia mwaka 2017 ulikuwa unawalipa walimu wa shule za msingi takriban 30,000 dola 40 kwa mwezi, baada ya kuwahakiki. Dola 40 si mshahara wa mtu mwenye watoto, lakini zilimtoa mwalimu sokoni zikamrudisha darasani. Uingereza nayo, kupitia mpango wa elimu ya wasichana, ilipeleka fedha kidogo kidogo mikononi mwa wanafunzi wenyewe, wakaendelea kusoma hata vita ilipokuwa imerudi. Kwa hiyo njia zipo, na mmeshazijaribu nyinyi wenyewe. Ninachouliza ni kwa nini zinakuja mwishoni, zikiwa ndogo, wakati zingetakiwa kuwa za kwanza.

Tena msinielewe kwamba nadharau barabara. Nimezaliwa kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar, najua shimo linavyoua mgonjwa. Wamarekani walipomaliza lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, mwaka 2012, bei ya unga Juba iliijua barabara hiyo. Na kuna daraja ambalo mimi hulitaja kila nikipata nafasi. Wajapani walianza kujenga daraja jipya juu ya Nile pale Juba mwaka 2013. Vita ilipolipuka Desemba mwaka huo wakaondoka. Wakarudi. Julai 2016 mapigano yakarudi Juba, wakaondoka tena. Wakarudi tena. Mei 2022 daraja likafunguliwa, likaitwa Daraja la Uhuru. Sijui waziri gani wa Tokyo aliyeamua kila mara kwamba fungu lile lisifutwe, lakini ningependa kumshika mkono. Wengi wenu mlipoondoka Desemba 2013, miradi mlifunga moja kwa moja, na mliporudi mlianza na tathmini mpya, mshauri mpya, nembo mpya.

Canada na Sweden, kupitia UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu na afya ya uzazi, zilifanya kitu kinachofanana na daraja hilo katika fani yangu. Kuanzia 2012 zilisomesha wakunga ndani ya nchi, zikapeleka wakunga wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa kutoka nchi nyingine kuwafundisha vitandani, na vyuo havikufungwa moja kwa moja vita ilipokuja. Mamia ya wakunga wamehitimu tangu hapo. Mimi niliondoka nikiacha nchi yenye wakunga wa kuhesabu kwa vidole, na leo sasa wamo katika majimbo yote. Huo nao ni ujenzi wa nchi, ingawa hauna jiwe la msingi wala utepe wa kukata.

Mkataba wangu uliisha katikati ya 2013. Niliomba kuongezewa, nikaambiwa awamu ya pili bado inajadiliwa. Tarehe 15 Desemba risasi zikaanza Juba. Kwa miaka miwili Equatoria Mashariki ilipumua kidogo, halafu mwaka 2016 vita ikashuka huko pia. Mwezi wa Septemba nilipigiwa simu na namba ya Safaricom nisiyoijua. "Dada, niko Kakuma." Alikuwa na watoto watatu, mgongoni mmoja. Alikuwa amerudi mahali alipokulia, akiwa mama sasa, akapangiwa plastiki na miti katika makazi mapya ya Kalobeyei yaliyokuwa yamefunguliwa mwaka huo huo.

Nilipanda basi nikaenda kumwona. Nilimkuta kwenye foleni ya maji, ameshika jerikani mbili, na mfukoni mwa gauni ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilidhani ni kadi ya mgao. Ilikuwa ni patografu, imechorwa kwa kalamu. Jirani yake alikuwa na uchungu tangu usiku, na kituo cha afya kilikuwa mbali, naye alikuwa anapima kila saa akirudi kupanga foleni.

Cheti chake kiliungua pamoja na nyumba. Alipoomba kazi kituoni alikubaliwa, lakini kama mkimbizi alilipwa kile wanachokiita motisha, sehemu ndogo ya mshahara wa muuguzi Mkenya aliyesimama naye zamu moja. Nilizunguka ofisi tatu nikieleza kwamba mwanamke huyu amefundishwa miaka miwili kwa fedha za serikali nne. Waliniheshimu, wakanipa kiti, wakaniuliza kama kuna barua yoyote inayoonyesha hivyo. Haikuwapo. Mradi mzima ulikuwa umeniandikia mimi ripoti nane zenye jina langu, na yeye hakuandikiwa hata karatasi moja ya kusema amejifunza nini.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba iko siku nitaandika barua hii.

Kwa hiyo ninaposema tumeni watu, nina maana ya mambo ambayo mnaweza kuyaandika kwenye makubaliano yenu kesho asubuhi. Mpango wa IGAD ufufuliwe, ukubwa wake uongezwe, na Tanzania, Rwanda na wengine wa Jumuiya waingie, kwa kuwa Sudan Kusini imekuwa mwanachama wa Jumuiya tangu 2016 na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za Jumuiya hiyo. Walimu, wakunga, mafundi wa maji, maofisa wa ardhi na wahasibu wa kaunti tunao, na wengi wetu tuliostaafu bado tuna nguvu. Asitumwe mtu mahali ambapo hakuna pacha. Pacha apewe cheti kila anapomaliza hatua, kinachotambuliwa Juba, Nairobi, Kampala na Dodoma, na nakala yake itunzwe mahali ambapo haiwezi kuungua. Mshahara wa pacha uingizwe kwenye bajeti ya mradi ule ule unaomlipa mgeni posho. Haiwezekani tena wawili wasimame kitanda kimoja na mmoja wao tu ndiye aliyekula.

Na kila jokofu liende na betri ya akiba na fundi wa karibu aliyelipwa kulitunza.

Juu ya vita yenyewe nina maneno machache. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 umetikisika vibaya, na tangu Machi 2025, Riek Machar, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, alipowekwa kizuizini, nasikia kwa watu wa kule hofu ile ile ya 2013. Bomba la mafuta lilipopasuka upande wa Sudan mwaka 2024 kwa sababu ya vita ya huko, watumishi walikaa miezi mingi bila mshahara. Watu zaidi ya milioni moja wamevuka kutoka Sudan kuingia nchi ambayo yenyewe haijasimama. Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, shirika lake la misaada, na Ulaya nayo inapunguza. Mtasema huu si wakati wa kujenga, tusubiri amani ikae kwanza. Mlisema hivyo pia mwaka 2014, na mwaka 2016. Akina mama wa kule hawakusubiri kuzaa. Wale waliojifunza kitu kabla ya vita walikivusha mpaka kichwani, wakakitumia kambini, wakarudi nacho. Mnayempa ujuzi leo hamjui ataupeleka wapi, ila risasi haiuchomi kama ilivyochoma lile gari la wagonjwa, ambalo nimeambiwa lilibaki chuma tupu kando ya barabara.

Pacha wangu alirudi kwao mwaka 2021. Hakuna aliyemwita, hospitali ilifunguliwa tena, akasikia, akafunga mizigo. Sasa ana wanafunzi wawili anaowafundisha, wasichana waliotoka chuo, na anawafundisha saa nane za usiku, kwenye benchi lile lile. Nikampigia simu mwezi uliopita nikamuuliza ni nini angewaambia kama angekaa mezani nanyi. Alifikiri kidogo, akasema niwaulize kama mtu atakayekuja safari hii atakaa mpaka wale wasichana waweze kufundisha wengine.

Naomba mlijibu hilo kwa maandishi, yeye na mimi tuone.

Alimalizia kwa kuniambia kwamba karatasi za patografu zimeisha tangu Krismasi na wamerudi kuchora kwa rula. Nimetoa nakala 500 katika duka la fotokopi hapa mjini. Jumatatu asubuhi nilizipeleka stendi, zikapakiwa kwenye basi la Lodwar ndani ya mfuko wa plastiki wa mbolea ili zisilowe. Lodwar zitatafutiwa gari la Lokichoggio, na Lokichoggio kuna dereva wa lori anayemfahamu mume wake.

Kwa heshima,

Mkunga mstaafu,
Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia